Ng'ombe aliyeokoa nyumbu: hotuba kwa waongoza watalii wa Serengeti

Ndugu mwenyekiti, wakufunzi, wazee mliozeeka kwenye usukani, na ninyi vijana mnaoanza kazi msimu huu, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie historia ya Serengeti na wanyama wake. Kwa kawaida kazi hii hupewa mhifadhi. Mimi ni daktari wa mifugo mstaafu. Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye majosho, minadani na mazizini, sindano mkononi na mavi ya ng'ombe kwenye buti. Kwa hiyo leo mtaisikia Serengeti kutoka kwa mtu wa ng'ombe, na kabla sijakaa natumaini mtakuwa mmeona kwa nini hilo si kosa la waandaaji.

Kuna swali ambalo mgeni atawauliza siku ya kwanza, gari likiwa limezingirwa na nyumbu kila upande pale Ndutu: kwa nini wako wengi hivi? Majibu yenu nimekwisha kuyasikia. "Hii ndiyo Afrika ilivyoumbwa." "Wako hivi tangu enzi na enzi." Mgeni anafurahi, picha zinapigwa, bahashishi inatoka. Lakini si kweli. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa kama 260,000. Mwaka 1977 walikuwa wamefika takriban milioni 1.3. Humu ukumbini wamo wazee ambao walipozaliwa, nyumbu hawakufika hata robo ya hawa mnaowaona. Ardhi ni ileile na mbuga ni zilezile. Kilichobadilika kilikuwa nje ya hifadhi, kwenye mazizi ya wafugaji.

Twende nyuma kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika. Wanahistoria wengi huutaja mwaka 1887 na bandari ya Massawa, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Ng'ombe wa upande huu wa bara hawakuwa na kinga hata chembe. Mnyama alianza kwa homa, akatoa machozi na makamasi, mdomo ukajaa vidonda, halafu akaharisha mpaka akaanguka. Mara nyingi yote hayo yalikwisha ndani ya wiki mbili. Kufikia mwaka 1891 sotoka ilikuwa imeikumba nchi ya Wamaasai. Mwaka 1896 ilikuwa imevuka Zambezi, na mwaka uliofuata ilikuwa Cape, mwisho wa bara. Sehemu nyingi iliua ng'ombe tisa katika kila kumi. Wala haikuishia zizini. Nyati, nyumbu, pofu, twiga, ngiri, wote wenye kwato zilizopasuka walikuwa chakula chake.

Kwa Wamaasai sotoka haikuja peke yake. Ilitanguliwa na homa ya mapafu ya ng'ombe, ikafuatwa na ndui ya binadamu, na juu ya yote ikaja njaa. Miaka hiyo wao huiita Emutai. Mwaustria Oscar Baumann alipita Ngorongoro na kukatiza Serengeti mwaka 1892, na aliyoyaandika ni mazito: watu waliobaki mifupa, wazazi waliokuwa tayari kuwatoa watoto wao ili wapate nyama. Sisemi haya ili mkawatie wageni huzuni asubuhi na mapema. Nayasema kwa sababu nchi ambayo Wazungu waliofuata waliikuta kimya, wakaamini haijawahi kuguswa na mtu, ilikuwa nchi iliyofiwa.

Na nchi iliyofiwa hubadilika sura. Ng'ombe walipokwisha na watu walipohama, vichaka vilipanda kwenye malisho, na kwenye vichaka akaja ndorobo, yaani mbung'o. Ndorobo akaleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe wachache waliosalia, hasa upande wa magharibi, kwa Waikoma na jirani zao. Kwa hiyo hata pale ambapo mtu alitaka kurudi, inzi alimkatalia. Wawindaji wa Ulaya na Marekani waliopita miaka ya 1910 na 1920 waliiona nchi ya namna hiyo. Waliua simba kwa wingi wa aibu, na uharibifu huo ndio uliomsukuma mtawala Mwingereza kutenga pori la akiba mwaka 1929, kisha hifadhi ya taifa kamili mwaka 1951.

Sasa hapa pana jambo ambalo naliona ni kichekesho cha historia, ingawa walioumia hawakucheka. Hifadhi ya mwanzo ilijumuisha Ngorongoro, na ndani yake waliishi Wamaasai na ng'ombe wao. Ugomvi ukawaka: je, mfugo na mnyamapori wanaweza kukaa pamoja? Mjerumani Bernhard Grzimek alikuja na mwanawe Michael, wakaruka na ndege yao iliyopakwa milia kama pundamilia, wakahesabu wanyama kwa macho. Nyumbu waliowaona hawakufika laki moja. Baba aliamini kwa moyo wote kwamba ng'ombe wa Mmaasai ni adui wa hifadhi. Mwaka 1959 mpaka ukachorwa upya: Serengeti ikabaki ya wanyama peke yao, Wamaasai wakahamishiwa Ngorongoro, na Ngorongoro ikawa eneo la hifadhi lenye sheria yake, mtu, mfugo na mnyama pamoja. Januari ya mwaka huohuo Michael alikufa baada ya ndege yake kugongana na tumbusi. Mtasimamisha magari yenu kwenye kaburi lake, ukingoni mwa kreta, na baba yake amezikwa hapohapo. Waheshimuni, walifanya kazi kubwa ya kuifanya dunia iijue Serengeti.

Lakini angalieni kilichokuwa kikiendelea wakati uleule. Ng'ombe akiitwa adui ndani ya mikutano, huko nje maafisa mifugo walikuwa wakimchanja. Walianza na chanjo ya zamani, ya virusi vilivyodhoofishwa kwa kupitishwa kwenye mbuzi, iliyotengenezwa Kabete. Baadaye Mwingereza Walter Plowright na wenzake pale Muguga, Kenya, wakapata chanjo bora zaidi, iliyokuzwa kwenye seli maabarani: dozi moja, kinga ya maisha. Kampeni ziliizunguka Serengeti kijiji kwa kijiji, boma kwa boma. Lengo lilikuwa ng'ombe. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba wanyamapori ndio ghala la sotoka, na ng'ombe anaambukizwa kutoka porini. Wapo waliotaka wanyama wauawe ili mifugo ipone. Chanjo ilionyesha kinyume. Ilipofika mwaka 1963 au hapo karibu, ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu bila mtu kuwagusa. Virusi havikuweza kujiendesha porini peke yake, vilihitaji ng'ombe. Kabla ya hapo, kila mwaka ndama wa nyumbu waliishi salama miezi michache ya mwanzo kwa kinga waliyopewa na mama zao, kisha kinga ilipowaishia, wakafa kwa maelfu kabla ya kutimiza mwaka. Sasa ndama wakawa wanakua, wanazaa, na watoto wao wanazaa.

Kama mgeni wenu ni mbishi, na watakuja wabishi, wengine maprofesa, mpeni ushahidi wa pundamilia. Pundamilia ana ukwato mmoja, ni jamaa ya farasi na punda, na sotoka haimshiki. Anakula malisho yaleyale, anahama njia zilezile, analiwa na simba walewale. Katika miaka ile ambayo nyumbu waliongezeka mara tano, pundamilia walibaki karibu palepale, kama laki mbili. Nyati, ambao sotoka iliwaua, waliongezeka sana nao. Katika maisha yangu ya kazi sijaona jaribio la kitabibu lililo safi kuliko hilo, na hakuna aliyelipanga.

Halafu fuateni mnyororo. Nyumbu milioni moja na zaidi wanakula majani mengi mno. Miaka ya mwanzo ya 1960 sehemu kubwa ya Serengeti iliungua kila kiangazi kwa sababu nyasi zilisimama ndefu na kavu. Nyumbu walipoongezeka, nyasi zikawa fupi, moto ukakosa cha kula. Miche ya migunga iliyokuwa ikiungua kila mwaka ikapata nafasi ya kupita kimo cha moto. Mkienda kaskazini, kule Lobo na Kogatende, vichaka vingi vya migunga mnavyoviona vina umri wa zama hizo. Miti ikamlisha twiga. Nyumbu wengi wakamlisha simba na fisi. Nyasi fupi zikamfaa swala tomi, ambaye hapendi kusimama kwenye majani yanayomzidi urefu. Yote hayo yalianzia kwenye sindano shingoni mwa ng'ombe wa mtu ambaye pengine hakuwahi kuingia hifadhini kama mtalii.

Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Ni ugonjwa wa pili kuwahi kufutwa, baada ya ndui. Naomba mlitaje hilo. Wageni wetu wengi wanaamini kwamba habari njema za Afrika ni wanyama tu. Hii ni habari njema ya kazi ya watu, na wengi wao walikuwa wachanjaji wenye baiskeli ambao majina yao hayapo kwenye jiwe lolote.

Kuhusu uhamaji wa nyumbu sitakaa sana, maana huo mnaujua kuliko mimi. Naongeza mawili tu. Kwanza, watu hudhani nyumbu anafuata mvua basi. Mvua ya kusini ni ndogo kuliko ya kaskazini, na kiangazi kule hakuna maji ya kudumu; angetaka maji tu asingeshuka. Anashuka kwa sababu ardhi ya mbuga za kusini imetokana na majivu ya volkano, za Ol Doinyo Lengai na wenzake waliozimika, na majani yake mafupi yamejaa kalisi na fosforasi. Mama anayenyonyesha anahitaji hayo. Ndiyo maana wanazalia huko, kati ya Januari na Machi, na sehemu kubwa ya ndama huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi, wengi kiasi kwamba fisi hushiba na bado wanabaki. Mfugaji wa Kimaasai analijua hilo kwa namna nyingine: ndama wachanga wa nyumbu hubeba virusi vinavyoua ng'ombe, na kwa hiyo msimu wa kuzaa yeye huondoa mifugo yake kwenye majani mazuri kuliko yote, akaipandisha kwenye majani duni. Mgeni akiuliza kwa nini ng'ombe hawapo mbugani Februari, msimwambie wamefukuzwa. Mchungaji amepiga hesabu.

Pili ni Mto Mara. Wageni wanauona kama uwanja wa mapambano na mamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliona kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 huzama mtoni kila mwaka, upande wa Kenya peke yake. Mamba hula sehemu ndogo tu ya hao. Waliobaki huwalisha tumbusi, korongo, samaki na wadudu, na mifupa yao huendelea kuachia fosforasi majini kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo anayekunja uso kwa harufu ya pale kivukoni, mwambieni anasikia harufu ya mbolea.

Sasa mbwa. Hapa ndipo nilipofanya kazi mwenyewe, nivumilieni nikienda polepole.

Mwaka 1991 makundi ya mwisho ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakifuatiliwa kwenye mbuga za Serengeti yalitoweka. Kichaa cha mbwa na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa, vilikuwa vimeyapitia, ingawa wataalamu walibishana kwa miaka kuhusu sababu nyingine. Halafu mapema mwaka 1994 watalii waliokuwa kwenye puto walimwona simba dume akitetemeka na kugaagaa chini kwa degedege, wakampiga picha za video. Alikuwa wa kwanza kati ya wengi. Ilipoisha, karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000 katika 3,000, walikuwa wamekufa. Simba hao ni miongoni mwa waliochunguzwa kwa muda mrefu kuliko wote duniani, tangu George Schaller alipoanza kuwafuatilia mwaka 1966, na bado hakuna aliyeona balaa lile likija.

Ugonjwa ulikuwa distempa ya mbwa, na virusi vilifanana na vya mbwa wa vijijini. Lakini distempa ilikuwa imewahi kupita kwa simba bila kuua. Jibu la kwa nini safari hii iliua lilikuja baadaye: ukame wa mwaka 1993 ulidhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, simba wakala nyati hao, na vimelea vya kupe vikamzidi nguvu simba ambaye distempa ilikuwa imekwisha kumvunjia kinga. Wapendwa, mkitaka kumweleza mgeni maana ya neno ikolojia, msiende mbali zaidi ya hapo.

Tangu katikati ya miaka ya 1990 mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa. Mnafika kijijini asubuhi, watoto ndio wanaoleta mbwa, wengine wamefungwa kamba ya katani, wengine wamebebwa mgongoni kama mdogo wake mtu. Baba anabaki nyumbani. Ukiwafikia mbwa saba katika kila kumi, kichaa kinakatika, na hilo tumeliona: watu wanaoumwa na mbwa wenye kichaa wamepungua sana pale ambapo kampeni haikukatizwa. Kwa simba hadithi haikuwa rahisi hivyo. Uchambuzi uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba distempa imeendelea kuzunguka porini hata baada ya mbwa kuchanjwa, maana wapo wanyama wengine wanaoibeba. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodai tumewaokoa simba wote kwa sindano. Tumeokoa watoto wa watu wasife kwa kichaa cha mbwa, na hilo peke yake linatosha kulipia gharama. Mbwa mwitu nao wameanza kurudishwa hifadhini tangu mwaka 2012, kutoka Loliondo, ambako waliendelea kuishi jirani na wafugaji miaka yote ile ambayo ndani ya hifadhi hawakuwapo.

Faru nitawagusa kidogo tu. Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwamaliza wakabaki wa kuhesabika kwa vidole, karibu na miamba ya Moru. Mwaka 2010 wakaletwa watano kutoka Afrika Kusini, na walinzi wao hawalali. Mkiwa Moru, msiishie kwa faru. Kwenye mwamba mmoja kuna michoro ya ngao iliyochorwa na vijana wa Kimaasai, na karibu yake kuna jiwe linalolia kama kengele likigongwa. Hizo ni saini za watu. Mgeni akikuambia hapa hapajawahi kukaa mtu, mpeleke akazione.

Mitego ya waya ni habari ndefu na chungu. Makadirio ya miaka ya 1990 yalisema nyumbu kama 40,000 huuawa kila mwaka kwa ajili ya nyama, na wanunuzi wa kimoro, yaani nyama ya porini iliyokaushwa, si matajiri. Nyumbu kwa wingi wao walistahimili. Wanyama wachache kama nyati wa kaskazini hawakustahimili.

Kinachonitia hofu zaidi leo ni uzio na maji. Upande wa Kenya, nyumbu waliokuwa wakizalia mbuga za Loita walipungua kwa zaidi ya robo tatu kati ya mwaka 1977 na mwisho wa miaka ya 1990, mashamba ya ngano yalipochukua mahali pao pa kuzalia, uzio umefuata. Hakuna risasi iliyohitajika. Na Mto Mara unatoka msitu wa Mau, mbali na mamlaka ya hifadhi yoyote ya Tanzania. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763, na maji yake ya kiangazi yanaamuliwa na watu wasiolipwa senti kwa tiketi ya getini.

La mwisho. Sotoka ilikufa, lakini ina ndugu: sotoka ya mbuzi na kondoo. Ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, upande wa Ngorongoro. Kingamwili zake zimepatikana kwa wanyamapori wa ukanda wetu, ingawa hatujawaona wakiugua. Huko Mongolia, kati ya mwaka 2016 na 2017, iliua swala saiga kwa maelfu. Dunia imejiwekea lengo la kuifuta ifikapo mwaka 2030, na chanjo ipo. Kwa hiyo kwenye barabara ya kutoka kreta kwenda Serengeti, mtakuta siku moja vijana wawili wenye kisanduku cha barafu na mbuzi mia mbili wamebanwa kwenye zizi la miiba. Simamisheni gari. Ombeni ruhusa ya mwenye boma kwanza, msipige picha kabla hajakubali, kisha waonyesheni wageni. Duma mtamkuta tu mbele.

Mwenyekiti, kama muda upo nachukua maswali. Naomba tu la kwanza lisiwe la mipaka ya Loliondo, maana tukianza nalo, chakula cha mchana tutakila usiku.